Nafsi ya Pili: Mtu na Maumbile katika Ushairi wa Mbulu na Hanang

Katika tungo za Kiswahili za miaka hii limeenea lalamiko moja, nalo ni kwamba binadamu ameachana na maumbile. Misitu imefyekwa, mito imekauka, ndege wamehama, na mtu amejifungia mjini baina ya kuta za saruji. Lalamiko lenyewe ni la kweli, wala hapana haja ya kulibishia. Lakini ukweli wa jambo peke yake hauwezi kulifanya shairi kuwa zuri, na tungo za namna hii zimefanana mno hata msomaji akimaliza beti mbili za mwanzo aweza kuzikisia zilizosalia. Yafaa kuuliza sababu. Yamkini udhaifu haumo katika habari inayosemwa. Umo katika nafsi.

Sarufi hufundisha kwamba nafsi ni tatu: asemaye, asemeshwaye na asemwaye. Katika mashairi ya kulalamikia mazingira, msitu, mto na mlima karibu siku zote ni wasemwao. Mtunzi huzungumza na watu wenzake juu yao. Akiwa amehuzunika, vitenzi vyake huwa vya wakati uliopita: palikuwa na chemchemi, walikuwapo swala; nayo ni lugha ya matanga. Akiwa amekasirika, huamuru: tupande, tutunze, tusikate. Hapo husemesha watu, na mara nyingi kibwagizo chake chaweza kuondolewa katika shairi na kuandikwa juu ya kibao cha halmashauri bila ya kupoteza kitu. Katika hali zote mbili mto wenyewe hauambiwi neno. Umelazwa katikati ya waombolezaji kama maiti, nao husimuliana wasifu wake.

Neno mazingira lina sehemu yake katika jambo hili. Neno hili, ambalo katika shule na ofisi limekwisha kuyashinda maneno maumbile na asili, limetokana na kuzinga, maana yake kuzunguka. Mazingira ni vile vimzungukavyo mtu. Maana yake mtu amewekwa katikati, na vyote vingine vimefanywa kuwa ukingo. Haielekei kwamba waliolichagua neno hili walikusudia falsafa hiyo, lakini neno hufanya kazi yake hata pasipo kukusudiwa, na mshairi alitumiaye amekwisha kukubali nusu ya utengano anaotaka kuulilia.

Iko nchi katika Tanzania ambayo tungo zake zaweza kumsaidia mhakiki kuliona jambo hili kwa uwazi zaidi. Ni nchi ya wilaya za Mbulu na Hanang, katika mkoa wa Manyara uliotengwa na mkoa wa Arusha mwaka 2002. Hapo wamekutana watu wa asili mbalimbali za lugha: Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wadatooga wenye lugha ya Kiniloti, Wahadza ambao lugha yao haijapata kuthibitishwa kuwa na ndugu, na jamii za Kibantu, na juu ya lugha zote hizo Kiswahili, kilicholetwa na biashara, dini, serikali na shule. Ushairi wa nchi hii si mmoja, na maneno yanayofuata hayadai kuumaliza. Yanashika uzi mmoja tu.

Wairaqw, ambao watu wengi huwaita Wambulu, wana utungo uitwao slufay. Ni dua na ni shairi kwa pamoja. Hunenwa na mzee mwenye ufundi wa kazi hiyo watu wanapokusanyika, hasa penye pombe au mwishoni mwa baraza, na waliohudhuria humwitikia kwa sauti moja, mnenaji na waitikiaji wakawa kama watwangao katika kinu kimoja. Lugha yake ina mafumbo mengi, na kauli zake huenda mbili mbili zikifanana kwa umbo na kupishana kidogo kwa maana, hata kijana asiyeizoea huusikia mwendo wake kabla ya kuyaelewa maneno. Maarten Mous, mtaalamu wa Kiholanzi ambaye sarufi yake ya Kiiraqw ilichapishwa mwaka 1993, ameuchunguza utungo huu pamoja na Rose Marie Beck. Kabla yao Mjerumani Paul Berger alikuwa amekusanya matini za lugha hiyo katika miaka ya 1930, na Roland Kießling akazitoa kitabuni mwaka 1998. Kwa Kiswahili, W. D. Kamera alichapisha hadithi za Wairaqw katika miaka ya 1970, na ni kazi ya kushukuriwa. Lakini hadithi husafiri kwa wepesi kuliko shairi, na ni nadra slufay kutajwa darasani mahali panapofundishwa ushairi wa Tanzania. Wako wasemao kwamba slufay ni ibada tu, basi iachiwe wanafunzi wa dini. Kwa kipimo hicho ingepasa pia kuziondoa katika fasihi ya Kiswahili tenzi nyingi za pwani, ambazo hufungua kwa kumtaja Mwenyezi Mungu na kufunga kwa kumwomba.

Wanaosemeshwa katika dua za Wairaqw ni wakuu. Yuko Looaa, ambaye ni jua na ni Mungu, na ambaye ni wa kike katika sarufi ya lugha na katika imani pia: ni mama, mwenye rehema na mvua. Wako neetlaamee, roho wa maji wakaao katika mito na vijito, wanaofikiriwa kuwa wanaume, wakali, wepesi wa kuadhibu. Mtu aliyezoea mashairi ya mandhari angetazamia kuelezwa jinsi jua linavyong'aa na mto unavyometameta. Slufay haina haja hiyo, maana hapana mtu amwombaye mama yake huku akimweleza sura yake. Huomba mvua, watoto, mifugo, amani baina ya watu, na huomba maradhi yaondoke yaende mbali nje ya nchi. Vitenzi vyake vikiletwa katika Kiswahili hudai kiishio cha -e: inyeshe, wazae, yaondoke. Ni kiishio kile kile cha mashairi ya mawaidha, lakini kimegeuka uso. Mwenye mawaidha huwaelekea watu na maumbile yapo nyuma ya mgongo wake. Mnenaji wa slufay na watu wake wote wameelekea upande mmoja.

Hapa ndipo msomaji wa leo, hasa aliyesoma vitabu vya Ulaya, huingia katika mtego. Friedrich Schiller, katika insha aliyoitoa mwaka 1795 na 1796, aliwagawa washairi mafungu mawili: wale ambao wao wenyewe ni maumbile, na wale wayatafutao maumbile baada ya kuyapoteza. Ugawaji huo ni wa akili nyingi, na ni rahisi kuiweka slufay katika fungu la kwanza, kisha kumweka mshairi wa Dar es Salaam katika fungu la pili, na kazi ikaisha. Lakini ni kosa. Kwanza, slufay si kilio cha moyo usiofundishwa. Ni sanaa yenye kanuni, yenye mafundi na wasio mafundi, na hadhira ijuayo kupambanua. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, haikutoka kwa watu waliolala kifuani pa maumbile kama mtoto kwa mamaye.

Nchi ya asili ya Wairaqw, waiitayo Irqwar Da'aw, yenye vijiji kama Kainam na Murray, ni nchi ya vilima iliyojaa watu tangu zamani. Wakulima wake wamesifiwa na wageni wengi kwa ustadi wa kuitunza ardhi: huchonga matuta na mifereji katika miteremko, hutia samadi ya ng'ombe mashambani, na nyumba za kale walizichimba katika ubavu wa kilima. Karibu kila hatua ya nchi ile imekwisha kupitiwa na mkono wa mtu. Tena wana neno aya, yaani nchi ya watu fulani yenye mipaka yake, na ibada iitwayo masay ambayo huhusu kuihifadhi mipaka hiyo. Nje ya mpaka ndiko yanakofukuziwa maradhi na mabaya. Neetlaamee hawapendwi, huogopwa. Kwa hiyo mtu wa slufay alikuwa amekwisha kutengana na maumbile kwa jembe, kwa nyumba na kwa mpaka, na aliutaka utengano huo, na aliomba udumishwe. Kilichomtofautisha na mtu wa mjini ni kwamba alitengana na kitu alichoendelea kusemezana nacho, kama jirani wawili wenye ua baina yao ambao kila asubuhi huulizana hali.

Tukio hili likikubaliwa, swali la ushairi hubadilika. Haliwi tena, mtu yu karibu au yu mbali na maumbile? Huwa, je, bado yanasemeshwa? Na lini yaliacha kusemeshwa?

Kiswahili kina ushahidi wake hapa, na lazima usemwe kwa haki. Ushairi wa pwani ulikuwa na bahari, pepo, mwezi na nyota, tena kwa ujuzi wa mabaharia, si kwa mapambo matupu. Shaaban Robert, aliyeishi tangu 1909 hata 1962, aliyatazama maumbile kama kitabu cha mafunzo: jua, ua, mchwa na bahari vyote vyaweza kumfunza mtu adili. Ni mtazamo wa heshima kubwa, lakini kitabu husomwa, hakisemeshwi. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, alikuwa na nafasi ambayo washairi wa pwani hawakuwa nayo. Alikuwa mtu wa bara, mwenye kuijua nchi kavu, aliyekwisha kuandika kitabu juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Mtu angeweza kutumaini kwamba yeye ndiye angezileta dua za bara katika bahari ya Kiswahili. Akaleta badala yake ngonjera, mashairi ya majibizano, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 ngonjera zikawa chombo cha kueleza siasa ya Ujamaa katika shule za nchi nzima.

Jambo hili latosha kukaliwa kitako. Ngonjera ni ushairi wa nafsi ya pili hasa: mmoja huuliza, mwingine hujibu, asiyejua husemeshwa na ajuaye mpaka akakubali. Lakini wote wanaosemezana ni watu, na ardhi imelazwa baina yao kama mali inayogawanywa. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikafika Mbulu. Kaya zilizokuwa zimetawanyika juu ya matuta ya vilima, kila moja na shamba lake na njia yake ya maji, zilitakiwa kujipanga pamoja. Yusufu Lawi, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika makala aliyoichapisha mwaka 2007 juu ya nchi ya mashariki ya Wairaqw baina ya 1974 na 1976, ameonyesha jinsi mpango ule ulivyokwenda kinyume cha fahamu waliyokuwa nayo wenyeji juu ya nchi yao, pamoja na sehemu zake za ibada. Ushairi haukusimama kando ukiomboleza. Ulikuwa mstari wa mbele. Tungo za kuwaita watu vijijini zilipigwa chapa magazetini na kukaririwa na watoto wa shule mbele ya wageni. Mhakiki anayeandika leo kwamba maisha ya kisasa yamemtenga mtu na maumbile, na ushairi umekuwa shahidi wa msiba huo, hana budi kukumbuka kwamba shahidi huyu aliwahi kubeba mizigo ya wahamaji.

Isidhaniwe kwamba washairi wale walikuwa waovu au wanafiki. Wengi waliamini kwa moyo safi, na vijiji vilileta shule, zahanati na mabomba katika mahali pengi palipokosa vitu hivyo. Kiswahili cha insha kama hii kimepata wasomaji wake Mbulu kwa sababu ya shule zile zile. Hata hivyo yafaa kuona kilichotokea katika lugha. Dua iliyonenwa penye kijito fulani, kwa watu wanywao maji ya kijito hicho, ilipelekwa mahali ambapo kijito ni kingine. Maneno yaweza kuhama. Anayesemeshwa hahami kwa lori.

Kama mtu ataona huu ni uganga wa maneno, yuko shahidi asiyejua siasa wala ushairi. Wahadza, ambao baadhi yao huishi katika bonde la Yaeda wilayani Mbulu na wengine kandokando ya Ziwa Eyasi, hutafuta asali kwa msaada wa ndege aitwaye mlembe. Mtu hupiga mluzi; mlembe huitika na kumwongoza mpaka penye mzinga wa nyuki; mtu huchukua asali na ndege hula nta. Mwishoni mwa mwaka 2023 Claire Spottiswoode na Brian Wood walitoa matokeo ya majaribio waliyofanya katika nchi ya Wahadza na katika nchi ya Wayao, Msumbiji, ambako watu humwita ndege huyo huyo kwa sauti nyingine. Katika vilima vya Kidero, kwa Wahadza, ndege waliitikia mluzi wa wenyeji zaidi ya mara tatu kuliko wito wa Kiyao. Na kwa Wayao mambo yakawa kinyume chake. Wito una mahali pake. Aliyeuchukua kutoka mbali, hata akiutoa kwa ufasaha, hapati jibu. Wafasiri wa ushairi, ambao hulaumiwa bure kwa mengi, wangeweza kujitetea kwa mfano huu.

Na kufasiri kuna shida yake mahususi katika jambo hili. Looaa akiitwa Mungu kwa Kiswahili, uke wake na umama wake hupotea, kwa kuwa ngeli za Kiswahili hazijui mume wala mke. Akiitwa jua, huangukia ngeli moja na jiwe, jembe na jina, na kitenzi chake kitaanza kwa li-: linachomoza, linatua, kama kitu kisichosikia. Mfasiri hulazimika kuchagua baina ya Mungu asiyeonekana na jua lisilosikia, ilhali Mwiraqw alikuwa na mmoja mwenye kuonekana na kusikia. Ndiyo maana slufay iliyofasiriwa kwa Kiswahili yaelekea kusikika ama kama sala ya kanisani ama kama shairi la mandhari. Dawa ya haraka ni kuongeza neno ewe mbele ya kila jina, na washairi wengi hufanya hivyo: ewe mto, ewe mlima. Lakini ewe ya namna hii ni pambo lililokopwa. Mtunzi na msomaji wamekwisha kukubaliana kimoyomoyo kwamba mlima hausikii, na mapatano hayo ndiyo yafanyayo lile ewe liwe la kishairi. Mzee wa slufay hakuwa na mapatano hayo na mtu yeyote.

Kusini ya Mbulu, katika tambarare za Basotu chini ya mlima Hanang, utengano ulikuja kwa njia nyingine, nao ulifika mpaka mahakamani. Wabarabaig ni kundi la Wadatooga. Majirani wamewazoesha kuitwa Wamang'ati, neno litokalo kwa Wamasai nalo maana yake maadui. Hivyo hata jina lao katika Kiswahili ni jina la kusemwa, si la kusemeshwa. Mzee wao mwenye heshima akifa, hufanyiwa mazishi ya miezi mingi, na juu ya kaburi lake hujengwa mnara wa udongo na miti uitwao bung'eda. Watu hukutana hapo kutoka mbali, na nyimbo huimbwa, na mahali pale hubaki katika kumbukumbu ya ukoo vizazi kwa vizazi. Tambarare ambayo mgeni huiona ni majani matupu, kwa mwenyeji ni diwani iliyofunguliwa; akipita na ng'ombe wake hupita baina ya beti.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa serikali ya Kanada, shirika la NAFCO lililima ngano katika tambarare hizo. Mashamba yakafikia saba, na eneo lake lote likawa kama ekari 100,000. Charles Lane, aliyeandika kitabu juu ya mgogoro huo mwaka 1996, ameeleza jinsi malisho bora yalivyochukuliwa na jinsi makaburi yalivyolimwa kwa trekta. Neno ngano katika Kiswahili lina maana mbili, nafaka na hadithi ya kale, na hapana mshairi ambaye angethubutu kubuni mchezo wa maneno mkali kama ule uliofanywa na plau za Basotu, zilipopanda ngano juu ya ngano.

Wananchi wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana iliyotakiwa na sheria. Mwanafunzi wa fasihi aisome hukumu hiyo pamoja na nyimbo, maana zinahusu swali moja. Sheria iliuliza: watu hawa ni nani? Ilitaka jibu la nafsi ya tatu, lenye hati. Nyimbo za bung'eda zilikuwa zimekwisha kulijibu kwa namna yake, kwa kumtaja marehemu mahali alipolala. Lakini jibu lililoelekezwa kwa marehemu halikuwa ushahidi. Siku hizi NAFCO haipo tena, na mashamba yamepita katika mikono mingine, mengine ya wanavijiji na mengine ya wawekezaji. Mnara uliolimwa hausimamishwi tena kwa hati ya kumiliki.

Ushairi huru wa Kiswahili, uliopata kitabu chake mashuhuri cha kwanza mwaka 1974 katika Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, ulitoka katika miaka ile ile ya vijiji na ngano. Uliletwa na mtu wa Ukerewe, naye akamleta katika ushairi mtu mpweke, mwenye kujiuliza mwenyewe. Wapinzani wake walishughulika na vina na mizani, na zogo hilo lilichukua nguvu nyingi kupita kiasi. Kama wangetazama nafsi badala ya kuhesabu silabi, wangeona badiliko lililo zito zaidi: kwamba msemeshwaji mkuu wa shairi sasa alikuwa nafsi ya kwanza, mtu akijisemesha. Huenda huo ndio uaminifu uliobaki kwa mshairi wa kisasa. Asiyeamini kwamba mto unasikia asijifanye kuamini. Upweke wake una ukweli kuliko ewe elfu za kukopa. Lakini shairi la namna hiyo nalo lina kikomo chake, na kikomo hicho kilionekana Hanang.

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang ilimeguka. Matope, mawe na magogo yaliteremka mpaka mji wa Katesh na vijiji vya jirani, pamoja na Gendabi na Jorodom, na watu zaidi ya 80 walikufa. Wataalamu walieleza kwamba miamba dhaifu ya mlima ule, ambao ni volkano ya kale yenye kimo cha mita 3,400 na ziada, ilinyonya maji mengi ikaachana. Maelezo hayo ni sahihi na ya lazima. Aliye na nyumba chini ya mteremko anayahitaji kuliko anavyohitaji shairi. Lakini msiba ule pia waomba kutungiwa, na mtunzi wake atakabiliwa na mambo ambayo kanuni zilizozoeleka hazimpatii njia. Akiandika mawaidha juu ya kupanda miti, atakuwa amewalaumu waliokufa. Akiandika maombolezo ya mji, mlima utaingia kama muuaji katika habari ya gazeti, mara moja, kisha utatoka. Akijisemesha peke yake, atakuwa na haya mbele ya wafiwa. Na akiusemesha mlima, itampasa kwanza ajue moyoni mwake kama ana haki ya kuusemesha, na kwa lugha gani.

Slufay isingempa jibu jepesi. Watu waliozoea kusemezana na maji ya mlimani walikuwa tayari kusikia vitisho katika jibu lake, na katika msiba walitafuta kosa la nani lililouleta. Hiyo ni njia ngumu, na mshairi wa leo hawezi kuirudia pasipo kuwatwisha majirani zake hatia ambayo haikuwa yao. Walakini iko sehemu moja ya desturi ile ambayo haidai imani ya mtu yeyote, nayo ni kusimama pamoja mmeelekea upande mmoja, mmoja akinena na wengine wakiitikia. Mashairi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa ajili ya kusomwa kimya hayana mahali pa mwitikio. Ngonjera ilikuwa nao, ikautumia kwa jambo lingine. Hapana sababu ya sarufi wala ya mizani inayozuia utungo wa Kiswahili wenye mnenaji na waitikiaji ambamo kibwagizo si mafunzo, bali ni sauti ya waliopo. Kinachokosekana ni mtunzi aliyeketi kwa muda mrefu katika mikusanyiko ya wazee wa Kainam au ya akina mama wa Kidatooga, akasikia kabla ya kuandika.

Baadhi ya waliopoteza nyumba katika maporomoko yale walijengewa nyumba mpya, zaidi ya 100, huko Waret. Jina hilo si geni. Mojawapo ya mashamba saba ya ngano liliitwa Waret. Walioondolewa na mlima wamewekwa katika tambarare ambayo wengine waliondolewa na plau, na huko kutoka milangoni Hanang wauona, pamoja na kovu lake.